Ukimjeruhi kulungu, usimkimbilie

Msimu wa kuwinda kwa upinde hapa Michigan, Marekani, hufunguliwa tarehe 1 Oktoba, na kuanzia siku hiyo jamaa zetu wanaojifunza kuwinda hunipigia simu huku wakihema: "Nimempiga, amekimbia, nifanyeje?" Kaa hapo hapo, ndugu yangu.

Okota mshale, utazame, kisha uunuse. Damu ya kung'aa yenye povu ni ya mapafu. Subiri nusu saa, mara nyingi utamkuta karibu, keshakufa. Damu nzito yenye wekundu uliokolea ni ya ini, mwache masaa 4 hadi 6. Ukiona majimaji ya kijani yanayonuka samadi, umepiga tumbo: masaa 8, hata 12. Kulungu wa tumbo asiposumbuliwa hulala jirani tu. Ukimwinua ataenda mbali, tena bila kudondosha damu, maana utumbo na mafuta huziba tundu. Wengine watakutisha kwamba koyote, mbwa mwitu wa huku wanaofanana na mbweha, watamla. Huenda, lakini ukimfukuza ndiyo umempoteza kabisa.

Muda huo utumie kumtafuta mwenye mbwa aliyefunzwa kufuata mnyama aliyejeruhiwa. Huku wengi wanafuga dachshund wa manyoya magumu, kambwa kafupi unakoweza kukacheka hadi ukaone kazini, kakivuta kamba ya mita kama 10. Mbwa hafuati damu tu. Kulungu ana tezi katikati ya kwato zinazoacha harufu kila anapokanyaga, ndiyo maana mbwa husonga hata pale macho yetu hayaoni kitu. Nimemwona mmoja akipita njia panda, akasita, akarudi hatua chache, akapinda kuingia shamba la mahindi. Kwenye jani la tatu palikuwa na tone dogo kama kichwa cha pini.

Kinachomvuruga mbwa ni sisi. Ukiita rafiki zako mlisake pori, buti zenu zitasambaza damu kila upande. Funga karatasi ya chooni kwenye tone la mwisho iwe alama, kisha toka ukipita pembeni ya njia yake.

Mwenye mbwa akifika mweleze ukweli wote, pamoja na idadi ya watu waliokwisha kukanyaga humo. Ruhusa ya kuingia shamba la jirani iombe kabla hajafika, na soma kanuni za jimbo lako, hazifanani. Wengi wao hujitolea, basi usimwache aondoke bila hela ya mafuta.

Namba yake itafute sasa. Msimu wa bunduki ukianza tarehe 15 Novemba, kumpata ni bahati.