Jibu: Michakato 8 haiishindi 4

Mkuu, programu yako ya MPI (mfumo wa michakato mingi kugawana kazi kwa kutumiana ujumbe) ya kukokotoa mvua haiongezi kasi ukitoka michakato 4 kwenda 8, nawe unachapa muda kwenye skrini? Kuchapa kwenyewe kunapotosha vipimo. Unganisha maktaba ya MPE, inayorekodi miito ya MPI na muda wake, endesha, geuza faili la logi (kumbukumbu) la clog2 linalotoka kuwa slog2, lifungue kwa Jumpshot, programu inayoichora logi hiyo. Kila mchakato una mstari wake, muda unakwenda kulia, mishale ni ujumbe.

Mimi hapa Mbeya nilikuta michakato 7 imejaa rangi ya MPI_Recv (mwito wa kupokea ujumbe), yote ikisubiri mchakato 0 usome faili peke yake. Kama daladala Mwanjelwa: imejaa, konda bado anatafuta chenji! Fuata mshale kurudi kwa mtumaji aliyechelewa. Anza na data kidogo, logi huvimba upesi.