Muulize Fundi: Betri ya Dakika 40

SWALI: Fundi, habari za kazi. Laptopu yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Nikiichomoa kwenye umeme inazima baada ya dakika 40, nami natunga mitihani tu. Feni haitulii. Niliandika powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri la Windows kama ulivyotuelekeza. Ripoti inasema betri ilitoka kiwandani na uwezo wa 48,000 mWh (kipimo cha chaji inayobebwa na betri). Sasa ikijaa inabeba 19,200. Dukani wananiambia ninunue mpya. Ninunue?
Mwalimu, Tanga

JIBU: Shikamoo Mwalimu. Usinunue bado. Namba zako zinasema mambo mawili, na dukani wamekwambia moja tu.

Ni kweli betri imechoka: imebaki asilimia 40. Betri za lithiamu huzeeka hata zikitunzwa, na joto la pwani huziwahisha. Kuiacha kwenye chaja kutwa ikiwa imejaa nako hakusaidii.

Sasa piga hesabu ya pili. 19,200 mWh zikiisha kwa dakika 40, mashine inakula karibu wati 29. Laptopu ya kawaida, mtu akiandika tu, hula wati 8 hadi 12 hivi. Kwa ulaji huo, hata betri yako hiyo kuukuu ingefika saa moja na nusu. Kuna kitu kinakunywa chaji, na feni imekuwa ikikuambia siku zote.

Funga kila kitu, kisha bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, lifunguke dirisha la Task Manager linaloorodhesha programu zinazofanya kazi. Bofya neno CPU (ndio ubongo wa kompyuta) ili programu zinazoutumia zaidi zipande juu. Mwezi uliopita mwanafunzi aliniletea mashine ya namna hii: programu mbili za kuzuia virusi, kila moja inaipekua mwenzake. Nilipoiondoa moja, feni ikanyamaza. Iliniuma, kwa sababu betri mpya alikuwa ameshainunua.

Punguza mwanga wa skrini, na feni isafishwe vumbi. Betri isipofika saa moja na nusu baada ya hapo, nunua mpya, ukifuata namba iliyoandikwa kwenye betri yenyewe, maana laptopu za jina moja hutofautiana betri.

Ila leo hii iweke laptopu mezani uitazame. Ikiwa inayumba, au sehemu ya kuchezeshea kidole imeinuka, betri imevimba. Izime, usiichaji tena, usiitoboe, ipeleke kwa fundi aitoe.