Kadi mbili za mtandao kwenye seva moja: ushauri kwa anayeanza kazi hii

Anayekabidhiwa seva yenye matundu manne ya mtandao, huku moja tu likiwa limechomekwa kebo, hushawishika kudhani kwamba kasi ya kutosha imelala pale bure ikisubiri mtu wa kuiamsha. Nami nilidhani hivyo. Seva yangu ya kwanza ya mafaili ilikuwa na kadi mbili za gigabiti 1 kwa sekunde, watumiaji walikuwa wakilalamika kila asubuhi, nikachomeka kebo ya pili, nikaipa kadi ya pili anwani ya IP kutoka subneti (kipande cha mtandao) ileile ya kadi ya kwanza, kisha nikakaa kusubiri malalamiko yapungue. Hayakupungua. Linux, isipoelekezwa vingine, huihesabu anwani ya IP kuwa mali ya mashine nzima wala si ya kadi moja, kwa hiyo kadi yoyote inaweza kujibu swali la ARP, yaani la kuuliza nani mwenye anwani fulani ya IP, linalohusu anwani ya mwenzake, na majibu ya seva hutoka kwa njia ambayo jedwali la njia limeitanguliza, hata kama ombi liliingilia kwingine. Kadi ya pili ilikuwa ikiwaka taa bila kupunguza mzigo wowote.

Njia sahihi ni kuzifunga kadi pamoja ziwe kiolesura kimoja chenye anwani moja, jambo ambalo mafundi wengi huliita bondi. Kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo huo, ina moduli ya kazi hiyo yenye namna saba, zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 6, na usipochagua itakupa namna ya 0, yaani balance-rr, ambayo hutuma pakiti moja kwa kadi hii na inayofuata kwa kadi ile. Kwa masikio hilo ni jambo la haki kabisa. Shida yake ni kwamba pakiti za mazungumzo mamoja hupita njia mbili na kufika zikiwa zimepishana, na TCP, itifaki inayohakikisha data inafika yote na kwa mpangilio, ikiona upishano mwingi hudhani kuna zilizopotea, ikaanza kutuma upya na kupunguza mwendo. Nimewahi kuona bondi ya namna hiyo ikiwa na kasi ndogo kuliko kadi moja iliyoachwa peke yake.

Katika ofisi nyingi uamuzi hubaki kati ya namna mbili. Ikiwa kebo zako zinakwenda kwenye swichi mbili zisizofahamiana, tumia active-backup, ambapo kadi moja inafanya kazi na nyingine inasubiri. Hutapata kasi zaidi, lakini swichi moja ikifa huduma itaendelea. Ikiwa kebo zote zinakwenda kwenye swichi moja inayoweza kusimamiwa, tumia 802.3ad, ambayo huzungumza na swichi kwa itifaki ya LACP ili pande zote mbili zikubaliane kwamba waya hizi ni za kundi moja. Jina hilo linatokana na kiwango cha IEEE, taasisi ya wahandisi inayotoa viwango vya mitandao, cha mwaka 2000, na ingawa kiwango chenyewe kilihamishiwa 802.1AX mwaka 2008, kwenye mafaili ya mipangilio bado utaandika jina la zamani. Kadi zote za kundi lazima ziwe na kasi ileile. Usitarajie kuchanganya ya gigabiti 1 na ya gigabiti 10 zikagawana kazi.

Sasa nifike mahali ambapo wengi hukwama, nami nilikwama kwa wiki mbili. Kufunga kadi mbili za gigabiti 1 hakukupi bomba moja la gigabiti 2. Ni sawa na kuongeza daladala ya pili kwenye kituo: watu wengi zaidi watasafirishwa kwa saa moja, lakini abiria mmoja hawezi kupanda magari mawili kwa pamoja, wala hatafika mapema zaidi kwa sababu gari ni mbili. Kila mazungumzo kati ya seva na mashine nyingine hupangiwa kadi moja na kubaki humo, na anayepanga ni hesabu inayofanywa juu ya anwani zilizomo kwenye pakiti. Hesabu hiyo huwekwa kwa kigezo kiitwacho xmit_hash_policy, na usipokigusa hubaki layer2, yaani hutazama anwani za MAC, zile za kadi za mtandao zenyewe.

Hapo ndipo mtego ulipo. Katika ofisi ninayoizungumzia watumiaji walikuwa kwenye subneti nyingine, kila ghorofa na yake, hivyo kila pakiti iliyotoka kwenye seva ilikuwa na anwani ya MAC ya rauta, ileile moja, hata kama upande wa pili walikuwa watu mia. Hesabu ya layer2 ilitoa jibu lilelile siku nzima na mzigo wote ukapita kadi moja. Nilipobadilisha kuwa layer2+3, ambayo huingiza anwani za IP katika hesabu, kadi ya pili ikaanza kazi dakika ileile. Ipo pia layer3+4 inayohesabu na namba za poti (zinazotofautisha miunganisho ya mashine moja), nayo hugawa vizuri zaidi pale mashine chache zinapofungua miunganisho mingi, ingawa nyaraka za moduli zenyewe zinakiri kwamba haifuati kikamilifu kanuni za 802.3ad kwa pakiti zilizokatwa vipande.

Kumbuka vilevile kwamba kigezo hicho kinatawala kinachotoka tu. Kinachoingia hugawanywa na swichi kwa hesabu yake yenyewe, na ikiwa swichi inatazama MAC ya mtumaji peke yake, nakala za akiba zinazoingia usiku kupitia rauta zitarundikana kwenye waya mmoja bila kujali ulichoandika kwenye seva. Mweleze hivyo msimamizi wa swichi kwa upole, kwani mara nyingi atakuwa ameshakuambia kwamba upande wake hauna tatizo, naye atakuwa anasema kweli kwa jinsi anavyouona.

Kuhusu kuandika mipangilio yenyewe sitakaa sana, kwa kuwa kwenye Ubuntu utatumia Netplan na kwenye Red Hat utatumia nmcli, zana za kuweka mipangilio ya mtandao, na vyote viwili vina mifano ya kutosha. Nina maonyo mawili tu. La kwanza, katika Netplan andika mwenyewe mii-monitor-interval kuwa 100, kwa sababu thamani yake ya awali ni 0, maana yake hakuna anayechunguza kama waya ungali hai. La pili, usiitegemee amri ya netplan try, inayojaribisha mipangilio mipya, ikurudishie mipangilio ya zamani baada ya sekunde 120, kwani kwa vigezo vya bondi haifanyi hivyo. Nilijifunza hilo nikiwa nyumbani saa nne usiku, nikalazimika kumwamsha dereva wa bodaboda anipeleke ofisini kwenda kuandika mstari mmoja kwa kibodi iliyochomekwa kwenye seva.

Ukimaliza, soma faili /proc/net/bonding/bond0. Kwa 802.3ad tazama anwani ya MAC ya mshirika: ikiwa ni sifuri tupu, swichi haizungumzi LACP nawe, hata kama taa zote zinawaka kijani. Tazama pia namba ya Aggregator ID ya kila kadi. Zikitofautiana, kadi hizo haziko kundi moja. Halafu usipime kwa iperf3, programu ya kupima kasi ya mtandao, kutoka kompyuta moja yenye kadi ya gigabiti 1, ukapata megabiti 940 hivi, ukahitimisha kwamba bondi imeshindwa. Kompyuta hiyo imefika mwisho wa uwezo wake. Pima kutoka mashine kadhaa kwa wakati mmoja, huku ukifuatilia hesabu za kila kadi kwa amri ya ip -s link.

Kisha chomoa waya. Ufanye hivyo kwa mkono wako, katika saa uliyokubaliana na wenye huduma, ping (amri inayouliza mfululizo kama seva inajibu) ikiendelea kwenye kompyuta ya pembeni; urudishe, usubiri, kisha uchomoe wa pili. Kila uchomoaji utaongeza namba kwenye mstari wa Link Failure Count wa kadi husika, kwa hiyo andika mahali namba ulizoziacha siku hiyo. Mimi huzibandika kwa karatasi kwenye mlango wa kabati la seva. Ukirudi baada ya miezi mitatu ukakuta moja imepanda ilhali hakuna aliyegusa kitu, anza kwa kubadilisha kebo ya kadi hiyo.