Kabla Hamjamtafutia Mtumishi Nyumba ya Kufikia

Hongereni kwa kuchaguliwa kamati ya kanisa ya kuwapokea watumishi wa Mungu wanaokuja kuhubiri, na poleni pia. Nimeifanya kazi hii hapa Mbeya miaka 14, na mengi ninayowaeleza niliyajua baada ya kuaibika.

Desturi yetu mnaijua. Wageni wa mkutano wanakuja Ijumaa, na Jumapili iliyotangulia mchungaji anauliza mbele ya watu, "Nani ana chumba?" Mikono inanyooka, karibu yote ya akina baba. Andikeni majina, ila msimwahidi mtu. Kesho yake nendeni nyumbani kwake mkaongee na mama, maana yeye ndiye atakayeamka saa kumi na moja alfajiri kuchemsha maji ya kuoga. Mara nyingi mtakuta habari hiyo anaisikia kwenu kwa mara ya kwanza. Akinyamaza kidogo kabla ya kusema "karibuni," muulizeni tena mkiwa naye peke yake jikoni.

Mwaka wangu wa kwanza sikufanya hivyo. Tulimpeleka mwinjilisti kwenye nyumba kubwa ya vigae kule mtaa wa Forest, choo ndani, kapeti hadi mlangoni. Kumbe wenye nyumba walikuwa wamenuniana wiki mbili. Mgeni akawa anakula peke yake, baba yuko sebuleni na mama yuko chumbani. Siku ya tatu tulimkuta nje ya geti la kanisa kabla mlinzi hajafungua. Hakulalamika. Aliniuliza tu kama namfahamu mtu yeyote mwenye godoro la ziada. Tulimhamishia Mwanjelwa kwa mjane mmoja muuza vitunguu, choo cha nje, na usiku ule tulimsikia akicheka mpaka barabarani.

Kwa hiyo mkikagua nyumba, kaeni kwanza mnywe chai. Sikilizeni wanavyoitana, na watoto wanavyoitikia wakitumwa. Godoro mnaweza kuazima, lakini amani ya nyumba haiazimwi.

Vifaa vyenyewe si vingi. Yule mwanamke wa Shunemu katika 2 Wafalme 4 alimwekea nabii Elisha kitanda, meza, kiti na kinara cha taa. Huwa nashangaa jinsi alivyofikiri, kwa sababu sisi tunakumbuka kitanda tu, meza tunaisahau. Mtu atakayehubiri mara mbili kwa siku anahitaji mahali pa kufungua Biblia na daftari pasipo na tamthilia inayopiga kelele ukuta wa pili. Kama chumba hakina meza, leteni moja ya Shule ya Jumapili. Na hakikisheni umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, umeshanunuliwa, si usiku wa manane mgeni anapapasa ukuta.

Kwa huku kwetu ongezeni blanketi. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai baridi yake haina utani. Mgeni kutoka Dar anashuka stendi ya Nane Nane usiku, amekaa kwenye basi zaidi ya kilomita 800, na amevaa shati la mikono mifupi. Mpeni blanketi mbili nzito na sweta la kuazima. Wenzetu wa Njombe na Makete wanajua kwamba hata tatu si nyingi. Lakini nawasihi sana, pasiingizwe jiko la mkaa chumbani ili kumpashia mgeni joto. Chumba kikifungwa, hewa ya mkaa inaua mtu akiwa usingizini, na haina harufu ya kumwamsha. Mwambieni mwenye nyumba waziwazi, hata kama ni mzee wenu. Na kwa walio Kyela, blanketi wekeni kando, tafuteni neti isiyotoboka.

Sasa jambo linaloniuma. Siku moja tulipokea wamisionari wawili pamoja, mmoja ametoka Ujerumani, mwingine ni mwinjilisti wetu wa Kitanzania anayefanya kazi vijijini. Mzungu alipewa chumba chenye hita ya maji. Mwinjilisti akalazwa kwenye kochi, nyumba hiyohiyo! Sisi kamati ndio tuliopanga, na tuliona sawa kabisa. Kilichotuaibisha ni yule Mjerumani kubeba begi lake asubuhi na kuomba wabadilishane. Wamisionari wa kwanza wa Moravian walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa wageni kutoka mbali, na labda ndiyo maana bado tukisikia neno "mmisionari" tunawaza uso mweupe. Siku hizi wengi wanaokuja kwenu ni watu wa Sumbawanga, Kigoma, Kongo au Zambia. Wanachoka vilevile.

Kwa mgeni wa nje ya nchi kuna kazi ya makaratasi. Anayekuja kufanya huduma haingii kwa viza ya utalii tu. Mmisionari wa kukaa huombewa kibali cha ukaazi daraja C. Hilo ni la ofisi ya kanisa, lakini waulizeni mapema na msidharau jibu la "tutashughulikia." Lenu ninyi ni kwenda kwa mjumbe na kwa mwenyekiti wa mtaa kuwaeleza kuwa nyumba fulani ina mgeni, ametoka wapi na anaondoka lini. Ni dakika kumi tu, nanyi mtalala usingizi.

Mtumishi wa kike aliye peke yake apelekwe kwenye nyumba yenye mama na mabinti, wala asilazwe palipo na baba peke yake, hata kama ni mtu wa maombi kiasi gani. Hapa hatujadiliani.

Chakula hakisumbui. Ndizi, maharage, wali wa Kyela, maji yaliyochemshwa, basi. Ulizeni tu asichokula, na msimlazimishe sahani ya tatu.

Ugomvi mkubwa utatoka kwa wanaokosa mgeni. Kila mtu anataka alale kwake, na mkilegea mtamhamisha kila siku kama chungu cha kikundi. Yesu mwenyewe aliwaambia wale sabini wasihame kutoka nyumba hii kwenda nyumba hii, Luka 10:7. Sisi tumepata dawa: analala nyumba moja mwanzo hadi mwisho, ila chakula cha mchana kinazunguka. Na ikifika saa tatu usiku, waliokuja kumsalimia wote waage, wakiwemo wazee wa kanisa. Mwenye nyumba anaona haya kuwafukuza; simameni ninyi, ombeni sala ya kufunga.

Kumtia moyo mtumishi si kumpa hotuba ya shukrani. Mwulizeni mkewe anaitwa nani, watoto wanasoma wapi, mara ya mwisho alilala kwake lini. Mmoja alilia mezani kwetu Uyole kwa sababu mtoto wa nyumba alimwuliza, "Baba mtumishi, na wewe huwa unaogopa?" Msimpelekee orodha ya mabati na spika zinazohitajika, hasa akiwa Mzungu. Amekuja na sanduku la nguo, si la fedha.

Halafu kuna dada wa kazi. Mgeni akija, kazi yake inakuwa mara mbili, lakini kwenye maombi ya kufunga hatajwi. Kamati itenge chochote cha kumpa mkononi, yeye mwenyewe, si kupitia kwa bosi wake.

Gari likishaondoka, rudini kwenye ile nyumba siku hiyohiyo. Chukueni mashuka na blanketi mkayafue wenyewe, na mwulizeni mama mgeni alimsumbua wapi. Mpeni muda wa kusema. Jibu lake liandikeni kwenye daftari la kamati, pembeni ya jina la nyumba, kabla mchungaji hajatangaza mkutano mwingine.