Maswali na majibu: Korvette, duka la New York lililouza kwa bei ya kutupa

Nilipoandika juu ya Walmart, kampuni ya Marekani yenye maduka makubwa ya bei ya chini, niliitaja E. J. Korvette kwa sentensi moja tu: kwamba lilianza kuuza kwa bei ya chini New York miaka 14 kabla ya Walmart ya kwanza kufunguliwa mwaka 1962, na kwamba mwanzilishi wake alishitakiwa kwa hilo. Maswali yamemiminika, nami nimefurahi kwelikweli, kwa sababu duka hili limesahaulika kuliko linavyostahili. Haya ndiyo niliyoyachagua.

Lilianzaje, na mtaji ulitoka wapi? (Msomaji, Mwanza)

Mwanzilishi ni Eugene Ferkauf, aliyezaliwa mwaka 1920 na kukulia kwenye biashara ya baba yake ya masanduku ya safari. Baada ya kurudi kutoka Vita vya Pili vya Dunia, mwaka 1948 alipanga chumba ghorofani katika Barabara ya 46 Mashariki, Manhattan, akiwa na mtaji wa dola 4,000 hivi. Aliuza masanduku kwa bei ya chini kuliko majirani, na vifaa vya umeme akaviuza karibu kwa bei aliyonunulia, ili mteja akubali kupanda ngazi. Walipanda, na waliposhuka walikwenda kuwaambia wenzao.

Nimesikia jina lake ni kifupi cha Wayahudi wanane waliopigana vita vya Korea (kwa Kiingereza, Eight Jewish Korean War Veterans). Ni kweli? (Msomaji, Nairobi)

Hapana. Vita vya Korea vilianza mwaka 1950, duka likiwa na umri wa miaka miwili. E ni Eugene, J ni Joe Zwillenberg, rafiki na mshirika wake. Korvette limetokana na aina ya manowari ndogo zilizokuwa zikiwinda nyambizi wakati wa vita, herufi ya kwanza ikabadilishwa.

Uliandika kwamba alishitakiwa kwa kupunguza bei. Tangu lini kupunguza bei ni kosa? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapa naomba nafasi kidogo, maana ndiyo sababu ya kulipenda duka hili.

Sisi tumezoea bei elekezi ya sukari au bei kikomo ya petroli, inayotangazwa na mamlaka ya serikali. Marekani ya wakati ule ilikuwa tofauti: mwenye kiwanda ndiye aliyepanga bei ya chini kabisa ya rejareja, na sheria za majimbo zikamlinda. California ilitunga sheria hiyo mwaka 1931, majimbo mengine yakafuata, na mwaka 1937 Bunge la Marekani likaipa baraka kwa sheria ya Miller-Tydings. Mwaka 1951 Mahakama Kuu ya Marekani iliipunguza makali. Mwaka uliofuata Bunge likayarudisha. Kwa hiyo mwenye duka aliyetaka kukuuzia pasi chini ya bei ya kiwanda, hata kama pasi ameshailipia na ni mali yake, aliweza kuburutwa mahakamani.

Tusiwaonee waliozidai sheria hizo. Wengi walikuwa wenye maduka madogo, hasa ya dawa, walioogopa kumezwa na makampuni makubwa wakati wa mdororo wa uchumi. Hofu yao ilikuwa ya kweli. Lakini gharama yake aliilipa mnunuzi, na mnunuzi wa kipato cha chini ndiye iliyemuuma zaidi.

Ferkauf alijibu kwa kadi. Korvette ilidai si duka la umma bali ni la wanachama, na uanachama ulikuwa kadi ya bure, iliyogawiwa kwa wafanyakazi wa ofisi za jirani na kwa yeyote aliyepita. Kesi zilimwandama miaka mingi, naye aliendelea kuuza. Viwanda vingi viligundua kwamba kumfukuza muuzaji anayemaliza mzigo haraka hivyo ni kujinyima wenyewe. Sheria hizo zilifutwa na Bunge mwaka 1975. Si kazi ya Korvette peke yake, ila ni wachache waliozigongagonga kwa muda mrefu kiasi hicho.

Walipataje faida? (Msomaji, Mombasa)

Faida ndogo kwa kila kipande, mzigo unaotoka haraka. Mwanzoni hakukuwa na wauzaji wengi wala mapambo, na pango la ghorofani lilikuwa rahisi. Katikati ya miaka ya 1950 Ferkauf alitoka mjini na kujenga duka kubwa Long Island, walikokuwa wakihamia wanajeshi wa zamani na wake zao, kwenye nyumba mpya zisizo na friji wala mashine ya kufulia. Alikwenda alipo mteja. Si jambo dogo.

Marehemu baba aliishi New York miaka ya 1970 na aliacha santuri nyingi zenye kibandiko cha Korvettes. Waliuza muziki pia? (Msomaji, Zanzibar)

Sana. Idara ya santuri ilikuwa fahari yao: jazi, opera, muziki wa kila aina, kwa bei iliyowavuta hata wasiokuwa na haja ya kitu kingine dukani. Zitunze.

Sasa kama lilikuwa zuri hivyo, liliuawa na nini? (Msomaji, Kigoma)

Wengi husema bei za chini. Sikubaliani nao. Mwaka 1962 lilifungua tawi Fifth Avenue, kwenye mtaa wa maduka ya matajiri, na Julai mwaka huohuo sura ya Ferkauf ikawa kwenye jalada la jarida la Time. Bado kampuni iliendeshwa na kundi la marafiki zake wa Brooklyn, bila mfumo wa kusimamia matawi yaliyokuwa yakifika hadi Chicago, Detroit na St. Louis. Kisha wakaingia kwenye samani na vyakula. Samani zinataka maghala na magari ya kupeleka mizigo majumbani. Vyakula vina faida nyembamba na vinaharibika. Hawakuzijua biashara hizo, na hasara ikaanza kula kilichochumwa kwenye pasi na redio.

Mwaka 1966 waliungana na Spartans Industries, na miaka miwili baadaye Ferkauf akaondoka. Mwaka 1971 duka likawa mali ya Arlen, kampuni ya ardhi na majengo. Nadhani hapo ndipo roho ilipotoka: ukimpa mwenye viwanja duka, atatazama kiwanja. Mwaka 1979 likauzwa kwa Agache-Willot, kundi la makampuni ya nguo la Ufaransa, na matawi ya mwisho yalifungwa tarehe 24 Desemba 1980, mkesha wa Krismasi. Ferkauf alifariki mwaka 2012.

Je, hao Agache-Willot ndio waliokuwa na Christian Dior, kampuni ya mitindo ya mavazi? (Msomaji, London)

Ndio. Dior waliipata walipoinunua Boussac, kampuni ya nguo iliyokuwa ikiimiliki, mwaka 1978. Kundi lao lilianguka mwaka 1981, na mwaka 1984 mabaki yake yakachukuliwa na Bernard Arnault, ambaye kupitia Dior alijenga njia ya kuifikia LVMH, kampuni kubwa ya bidhaa za anasa.