Ratiba ya usingizi muulize anayeshinda na mtoto

Swali lenu la wiki hii mmeuliza mtoto mchanga apangiwe ratiba ya kulala mchana au aachwe alale akijisikia. Mi kabla ya kujibu nauliza kwanza, nani anashinda na huyo mtoto? Maana ratiba nyingi zinazozunguka kwenye simu zinaonekana zimeandikwa na mtu aliye nyumbani kutwa, mtoto ana chumba chake, pazia zito, nyumba kimya. Sisi wengine huku Dodoma alfajiri tunawahi daladala za Mtumba kwenda kazini, mtoto anabaki na dada wa kazi au na bibi yake, sasa hiyo karatasi uliyobandika ukutani saa tatu alale saa sita alale tena atakayeifata ni nani, dada mwenyewe ana nepi za kufua, ana vyombo, na siku maji yakitoka lazima akinge mapipa yote kabla hayajakatika.

Miezi mitatu ya kwanza wala msihangaike na ratiba. Shirika la Afya Duniani linasema umri huo mtoto anahitaji masaa 14 hadi 17 kwa siku, ila anayalala kwa vipande vipande, mwili wake haujajua usiku ni nini. Kinachosaidia ni mchana awe kwenye mwanga na kelele za kawaida za nyumbani, usiku taa iwe hafifu, ananyonya anarudi kulala, hakuna kumchekesha. Basi. Kinachokera ni kwamba likizo ya uzazi ni siku 84 (mwenye mapacha 100), yani unarudi ofisini wakati mtoto ndo kwanza anaanza kueleweka, na kazi ya kumsoma anaachiwa mtu mwingine.

Kwa hiyo sisi nyumbani dada hajapewa ratiba ya saa, kapewa swali moja tu, ameamka saa ngapi? Mtoto wa miezi minne akishakaa macho lisaa limoja na nusu mpaka mawili anakuwa ameshachoka, wa miezi sita ni kama mawili mpaka matatu, wanatofautiana lakini sio sana. Akianza kusugua macho, kuvuta sikio, kugeuza uso ukimchekea, hapo mlaze, usisubiri alie. Akishachoka kupitiliza ndo analia na kujinyonganyonga na hata ziwa hataki, na hapo ndo utasikia huyu ana njaa mpe uji, mtoto wa miezi minne jamani, wakati mpaka miezi sita ni maziwa ya mama tu. Hana njaa, ana usingizi.

Alafu kuna ile analala nusu saa anaamka. Watu wanalalamika sana hapa ila ni kawaida, mzunguko wa usingizi wa mtoto mdogo ni mfupi, haufiki hata lisaa, na kati ya mzunguko na mzunguko anashtuka, anafungua macho, anaguna. Dada akikimbia kumbeba pale pale basi ndo kaamka. Akimwacha kidogo mara nyingine anarudi mwenyewe, mara nyingine harudi, sawa tu, atalala tena baadae.

Kwenye mgongo mimi na bibi tuko timu moja. Wazungu wanasema asizoee kubebwa, mi sioni shida, kitenge kimoja anachapa usingizi na dada anafagia uwanja, ila pua iwe wazi na shingo isipinde. Na hii Dodoma yetu kuanzia mwezi wa kumi nyumba ya bati isiyo na silingi saa nane mchana ni tanuri, hata umwimbie vipi hatalala, hamishia mkeka chini ya mwarobaini na chandarua chake na mtu akae karibu. Mwezi wa saba ni kinyume, ule upepo unafanya watu wamfunike mtoto mablanketi matatu mpaka usoni, hapana, mvalishe nguo za kutosha, alale chali, mito na blanketi nzito zikae mbali na uso. Na zile dawa za maji za mafua ambazo watu wanawapa watoto eti walale, tafadhali acheni, zinaweza kumvuruga mpaka pumzi.

Ubishi mkubwa ni saa ya kulala usiku. Vitabu vingi vinasema saa moja jioni mtoto awe kitandani. Saa moja mi ndo kwanza navua viatu! Wa kwangu analala saa mbili na nusu na sijutii, nataka nimuone. Kinachoangaliwa ni jumla, miezi 4 hadi 11 ni masaa 12 hadi 16 usiku na mchana pamoja, kwa hiyo akilala saa mbili na nusu akaamka saa kumi na mbili na nusu asubuhi ni masaa kumi, mchana anatakiwa apate kama matatu hivi na hesabu imekaa. Ila usingizi wa mchana ule wa mwisho huo ndo pekee naoubana kwa saa, saa kumi na nusu ikifika anaamshwa, maana dada akimwacha mpaka saa kumi na mbili ili apike kwa amani, bili nalipa mimi usiku wa manane.

Na wanaonyonyesha mlioajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa mpaka masaa mawili kwa siku ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kama nyumbani ni mbali na huwezi kwenda na kurudi, muombe bosi uyachukue yote jioni utoke mapema, na umuombe kwa maandishi kabla likizo haijaisha, ukishaanza kuonekana mezani kila siku mpaka saa tisa na nusu inakuwa ngumu kuanzisha hiyo stori.

Mama wa mtoto wa miezi saba, Ipagala, Dodoma