Mkristo, duka na deni la korosho: jibu langu kwa mleta mada

Amani kwenu wakuu. Kwa aliyeingia sasa hivi: mleta mada ni Mkristo aliyehamia Newala, mkoani Mtwara, mwaka huu akafungua duka. Majirani wameanza kumfuata wakitaka kukopa, watalipa kwa korosho msimu ukifika. Anauliza kama mtu aliyeokoka anaweza kukubali, na kama hawezi, imani yake itaonekana wapi Jumatatu hadi Jumamosi, maana Jumapili anajua pa kwenda.

Wengi mmemwambia aombe, Roho atamwongoza. Aombe, ndiyo. Lakini mimi ni mchungaji huku huku juu kwenye uwanda wa Makonde, miaka mingi sasa. Nimezika, nimefungisha ndoa, nimekaa chini ya mikorosho kusuluhisha ugomvi wa mipaka, na kwa nilivyoona swali lake lina jibu linaloandikika kwenye daftari la duka.

Kwa wasio wa kusini nieleze kwanza kangomba, yaani kumpa mkulima hela kidogo kabla ya msimu ili alipe kwa korosho. Korosho humpa mkulima hela mara moja kwa mwaka. Mavuno yanashika kasi Oktoba, mzigo unapelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, unaingia ghala kuu, unapigwa mnada, kisha hela inaingia benki. Ndiyo stakabadhi ghalani, ilianza kwenye korosho mwaka 2007. Sasa fikiria Februari. Hela ya msimu imekwisha, mahindi yaliyo shambani bado mabichi, mtoto karudishwa shule kwa sababu ya sare. Hapo ndipo anapopita mwenye hela. Anampa mama 30,000, na kwenye daftari anaandika kilo 30. Mnada ukifunguka kwa 3,000, kilo zile zina thamani ya 90,000 kabla ya makato. Wengine hata mizani hawatumii, wanapima kwa bakuli lililofurika mpaka korosho zinadondoka pembeni, na zinazodondoka zinarudishwa bakulini kwa hesabu ya mkopeshaji. Serikali inakataza, watu wanakamatwa, na mwaka unaofuata biashara iko pale pale.

Msimu wa 2018/19 serikali iliamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo, wanajeshi wakasomba mizigo, na wenye mzigo wakaulizwa mashamba yao yako wapi. Kuna watu walikuwa na vyumba vimejaa magunia na hawana mkorosho hata wa kivuli. Baadhi yao walikuja kwangu niwaombee. Nikaomba nao. Mmoja nikamuuliza tukiwa wawili kama amewahi kuwaombea waliomjazia kile chumba. Akacheka, akaaga.

Lakini ndugu zangu wahubiri, tusifanye mambo kuwa mepesi. Mtoto akishikwa na degedege saa nane usiku na bodaboda anataka hela ya kwenda hospitali, mlango unaofunguliwa ni wa mtu wa kangomba. Wa mchungaji nao unafunguliwa, ila ndani hamna kitu. Mama yule hatakwambia kwamba yule bwana ni mnyonyaji. Atakwambia ni mtu mwema, alinisaidia mwanangu alipoumwa. Na kweli alimsaidia. Ukisimama madhabahuni ukamlaani mkopeshaji bila kusema nani atakopesha Februari, waumini wanaitikia amina kisha jioni wanapita kwake kwa mlango wa nyuma.

Ninaposoma Nehemia sura ya 5 naona kijiji chetu. Watu wanalia kwamba wameweka mashamba na nyumba rehani ili wapate nafaka, kwa sababu ya njaa, na wanaowadai ni ndugu zao wenyewe. Tunapenda kumhubiri Nehemia aliyejenga ukuta wa Yerusalemu, hasa tukitaka michango ya jengo. Huyu wa sura ya 5 anatupita. Anakasirika, kisha anatafakari kabla ya kusema, halafu anakiri kwamba yeye na watu wake nao wamekopesha fedha na nafaka, na anataka riba iachwe na mashamba yarudishwe siku ile ile. Ukuta ulikuwa haujakamilika, kazi ilikuwa nyingi, maadui wako nje, na bado akaona deni la mkate haliwezi kungoja.

Na sisi wa kusini tuna sababu yetu ya kusikia habari hiyo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa utumwani, wakapandia Lindi, wakaenda kukaa Masasi. Mimi si Mwanglikana, lakini hiyo ni historia yetu sote: miongoni mwa Wakristo wa kwanza wa bara huku kwetu walikuwemo watu waliowahi kuuzwa kwa bei. Inaniuma kuona wajukuu wa imani ile wanaandika jasho la jirani kwa kilo kabla halijatoka.

Nikupe jambo lililotokea kwetu. Muumini mmoja, simtaji, alileta sadaka ya mavuno ya kutosha kupaua kanisa lote kwa bati. Kijiji kizima kilijua hela ile imetoka wapi. Baadhi ya waliomlipa kwa bakuli walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, wanatazama bahasha. Tukakaa na wazee wa kanisa. Mmoja akasema hela haina dini, mchungaji, mvua inanyesha. Mwingine, mama mtu mzima asiyependa maneno mengi, akauliza tutaimba nini chini ya bati hizo. Tukamwita yule ndugu, tukasoma naye habari za Zakayo, yule mtoza ushuru tajiri. Yesu hakumdai sadaka. Zakayo mwenyewe alisimama nyumbani kwake akataja nusu kwa maskini, na mara nne kwa aliyemdhulumu. Tukamwomba akae kwanza na watu wake watatu au wanne waliokuwa na hali ngumu zaidi, ndipo alete sadaka yoyote apendayo. Alikasirika. Akahama, akaenda kusali mahali ambako hawakumuuliza, na sisi tukaendelea kuvujiwa. Baadaye nikasikia mjane mmoja alirudishiwa sehemu ya hela yake, kimya kimya. Yule ndugu hajarudi kwetu mpaka leo, tukikutana sokoni tunasalimiana vizuri na kuulizana habari za watoto.

Kilichotokana na hapo ni mfuko. Desemba hela za korosho zikiingia, kila kaya inayoweza inaweka kitu, wengine hela, wengine debe la mihogo mikavu. Njaa ikiingia tunakopeshana bila riba. Mchungaji hashiki hela wala ufunguo, hilo nililitaka mimi mwenyewe. Mweka hazina ni mama mmoja aliyemnyima hata mumewe mwenyewe mkopo wa pili kabla hajalipa wa kwanza. Je, wote wanalipa? Hawalipi wote. Kuna mwaka mfuko ulibaki na chawa tu. Wakati mwingine mvua zinaharibu maua ya mikorosho au ugonjwa wa ubwiri unga unapiga kwa sababu mtu hakupata dawa ya salfa kwa wakati, na hapo huna wa kumlaumu. Tulibishana pia kama tuwakopeshe majirani zetu Waislamu, ambao huku ndio wengi. Ubishi ulikwisha pale mzee mmoja wa msikitini aliponiambia, "Njomba, kwetu riba ni haramu tangu zamani. Ninyi mmechelewa tu." Sikuwa na la kujibu. Sasa wanakopa, na wanaweka.

Kuna mchangiaji aliyesema shida ya watu wa kusini ni ngoma, wanamaliza hela kwenye jando na unyago, na aliyeokoka asikanyage kule. Sikubaliani naye sana. Ni kweli sherehe zinapandisha madeni, nimeona mtu akikopa kangomba ili anunue mchele na kukodi spika, na hilo nalisema wazi kanisani. Lakini kutokanyaga si jibu. Askofu Vincent Lucas, aliyeongoza Dayosisi ya Kianglikana ya Masasi kuanzia 1926, alilitazama jando la watu wake akalifanya kwa namna ya Kikristo, wala hakulitupa nje. Nami naenda, nakaa na wajomba, nakula pilau, na nikipewa nafasi nasema neno la kumlea kijana. Aliyepika pilau lile kwa mkopo tutazungumza naye wiki inayofuata, nyumbani kwake, si mbele ya wageni.

Sasa nikurudie wewe mleta mada, maana umeuliza mambo ya dukani na mimi nimezunguka.

Mama akija Februari kuomba unga na sabuni, usimfukuze kwa kisingizio kwamba umeokoka. Mpe kwa kiasi ambacho kikipotea duka lako halitafungwa. Andika kwenye daftari shilingi. Usiandike kilo. Alichochukua ni cha 12,000, deni lake ni 12,000 hata korosho ipande ifike wapi. Akitaka mwenyewe kukulipa kwa korosho, mwambie auze kwa AMCOS kama wenzake, alete hela. Mwachie karatasi yenye maandishi yale yale yaliyo kwenye daftari lako, na kama hasomi, asomewe na mtoto wake mbele yenu. Bei ya dukani iwe moja, kwa mwenye hela mkononi na kwa anayekopa. Utaona wenzako wa biashara wanakushangaa, na mmoja wao atakwambia unaharibu soko.

Atakayeshindwa kulipa msimu huu kwa sababu shamba limekataa, msukume hadi msimu ujao bila kuongeza. Aliyelipwa akanunua pikipiki na wewe hajakukumbuka, huyo nenda kwake kwanza peke yako, asiposikia rudi na mtu mwingine mmoja au wawili, kama Mathayo 18 inavyoagiza, na usimkopeshe tena mpaka alipe. Kumkatalia huyo wala si dhambi.

Ulitaka pia kujua kama uuze Jumapili. Funga asubuhi uje kusali. Mchana ukifungua kwa sababu mtu anahitaji mafuta ya taa au dawa ya maumivu, sitakuandikia barua ya onyo. Kama uko upande wa Newala mjini ni-PM, nitakuelekeza kwa mweka hazina wetu akuonyeshe daftari analotumia.